Si kila birika la Kihindi ni Swami

Muuzaji wa vitu vya kale alinipa birika la fedha lililojaa maua na majani hadi kwenye mfuniko. "Hii Swami, kaka. Ya hekaluni." Ni mtu wa tatu kuniambia hivyo mwaka huu.

Fedha ya Swami ni vyombo vilivyofuliwa kusini mwa India enzi za Waingereza, hasa Madras, vikiwa na sura za miungu ya Kihindu zilizotokeza juu yake. Pasipo miungu, hapana Swami.

Kinachowapotosha wengi ni neno lenyewe. Wakisikia Swami wanamwona mtawa mwenye joho la rangi ya chungwa. Asili yake ni *svamin* ya Kisanskriti, kutoka *sva*, yaani "-a mwenyewe". Svamin ni mwenye kitu. Akiwa mwenye, akawa bwana. Akawa mume pia. Akapanda hadi kuwa Mungu. Mswahili asishangae, maana "mwenye" wetu kapita njia hiyohiyo: katupa Mwinyi, cheo cha watawala, na Mwenyezi tunayemwomba. Mtawa ni tawi moja tu la neno hilo. Kwenye fedha, swami ni miungu yenyewe.

Na hekalu halimo kabisa. Vilikuwa vyombo vya chai, jagi la maziwa na bakuli la sukari, vya kupamba meza za Waingereza. Kampuni ya P. Orr & Sons ya Madras ndiyo iliyovuma kwa kazi hii, na Mwanamfalme wa Wales alipozuru India mwaka 1875 alipewa seti yake kama zawadi.

Birika la yule muuzaji ni la Kutch, kaskazini magharibi, mbali kabisa na Madras. Huko wafuaji walipenda maua, mizabibu na wanyama. Ndiko walikotoka pia mababu wa Wakutchi wengi wa Mombasa na Zanzibar, kwa hiyo huenda birika lilivuka bahari ndani ya sanduku la familia.

Nilipomweleza hayo aliligeuza kwa ushindi. Chini palikuwa na herufi mbili: OM. "Si nilikwambia ya hekalu?"

Kaka, hiyo si Om, neno takatifu la sala za Kihindu. Ni Oomersi Mawji, mfua fedha wa mji wa Bhuj, huko Kutch, wa karne ya 19, bingwa wa kazi hiyo. Bei usishushe. Badilisha kile kikaratasi cha "Swami" tu.