Je, wajua kwa nini supu ya nyanya huwekwa ngano, na inavyopikwa bila hiyo?

Wifi yangu aliagiza supu ya nyanya kwa kuwa ndicho chakula pekee kwenye orodha ya hoteli ile alichoona hakina ubaya kwake. Ana ugonjwa wa siliaki, na ngano hata ya kijiko inamlaza. Alimuuliza mhudumu kwanza, “Kaka, supu hii haina ngano?” Kijana akajibu kwa adabu, “Haina, dada, ni nyanya tupu.” Aliamini alichosema. Usiku ule wifi alikesha amejikunja, mkono tumboni, nami namchemshia maji. Kesho yake tulipouliza, mpishi alitueleza bila kuficha: supu yao huanza na siagi na vijiko vitatu vya unga wa ngano.

Tangu siku hiyo nikawa najiuliza, ngano inatafuta nini kwenye sufuria ya nyanya? Sisi tukisema supu tuna maana ya mbuzi, kuku au makongoro: maji mepesi, mafuta yanaelea juu, ndimu pembeni. Hakuna anayewaza kuitia unga. Supu ya nyanya ilitufikia kwa njia ya mapishi ya Ulaya, na huko hutakiwa iwe laini na nzito, ishike mgongo wa kijiko kama uji mwepesi. Uzito huo ndio unaoletwa na ngano: siagi inayeyushwa, unga unakaangwa humo kidogo, kisha nyanya na maji vinamiminwa huku mtu anakoroga. Supu nyingi za makopo nazo zina unga wa ngano kwa sababu hiyohiyo.

Kinachomdhuru wifi kwenye unga huo ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano). Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kama adui, na katika vita hivyo utumbo mwembamba wenyewe huumia: vijinyuzi vyake vinavyofyonza chakula husinyaa. Mtu anakula lakini mwili haupati. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100, na wengi huishi nao miaka mingi bila kujua, wakiambiwa ni vidonda vya tumbo au minyoo.

Aliyeigundua ngano kuwa chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa na shaka nayo tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, mkate ukaadimika Uholanzi. Watoto wenye siliaki, ambao ndio tungetarajia wazidi kudhoofu, walipata nafuu. Ngano iliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Dicke aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo mwaka 1950, na miaka michache baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kwamba kinachodhuru ni protini ya ngano. Wanga wake hauna kosa.

Jambo hilo dogo la mwisho ndilo lililonifungua macho. Kinachoipa supu uzito ni wanga. Chembe za wanga zikipata maji ya moto, kuanzia nyuzi 60 hivi za Selsiasi, hunywa maji na kuvimba, na kadiri moto unavyopanda hubanana hadi maji yanakosa nafasi ya kukimbia. Ndivyo uji unavyoshika. Gluteni haina kazi yoyote ya maana pale. Kwa hiyo supu ya hoteli ile ilimuumiza wifi kwa kitu ambacho supu yenyewe haikukihitaji, kwa sababu wanga uko kila mahali jikoni mwetu: kwenye mchele, sembe, muhogo na viazi, na vyote hivyo havina gluteni.

Lakini hata kabla ya kutafuta wanga wa badala, kuna uzito uliomo ndani ya nyanya yenyewe ambao wengi wetu tunaupoteza kwenye ubao wa kukatia. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kinachoyashika maji hayo ni pektini, gundi ya asili iliyomo kwenye kuta za seli, ileile inayofanya jamu igande. Ukikata nyanya unavunja kuta hizo, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa vinaanza kuikatakata pektini vipande vidogo. Kazi hiyo huenda haraka kwenye joto la kawaida la jikoni. Joto kali, nyuzi 85 na kuendelea, ndilo linalovizima. Viwanda vya nyanya vinalijua hilo vizuri: vinapotaka rojo zito, nyanya hupondwa na kupashwa moto papo hapo, na zile zinazopondwa bila moto mkali hutoa rojo jepesi zaidi.

Jaribu nyumbani, si kazi kubwa. Chukua nyanya nne zilizoiva sawasawa. Mbili zikatekate vipande vidogo, ziache kwenye bakuli nusu saa, kisha zipike. Mbili nyingine zikate moja kwa moja juu ya sufuria iliyokwisha pata moto, kipande kikianguka kichirike. Zote zichemke dakika zilezile, zisage kando kando, halafu weka kijiko kimoja cha kila moja kwenye sahani nyeupe. Lile rojo la kwanza litaanza kuachia pete ya maji ya rangi ya chai pembeni. La pili litakaa mahali pake kama lilivyomwagwa. Nilipoliona mara ya kwanza nilimwita wifi aje aone, tukainamia sahani kama watoto.

Basi supu yenyewe tunaipika hivi. Kilo moja ya nyanya zilizoiva hasa, nyekundu hadi kwenye kikonyo (tungule, kama wanavyoziita Unguja). Kitunguu kikubwa kimoja, punje tatu za saumu, karoti moja ya kuupoza uchachu. Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, moto mdogo, mpaka kilainike bila kubadilika rangi. Hapa usiwe na haraka, maana utamu wa supu unaanzia kwenye kitunguu. Tia karoti na saumu. Osha vijiko viwili vya mchele mbichi, utie humo, ukoroge mpaka kila punje ipate mafuta. Sasa ongeza moto, sufuria iwe na joto la kweli, ndipo ukate nyanya juu yake, chache chache ili joto lisishuke. Zikishachemka zote ongeza vikombe viwili vya maji, chumvi, pilipili manga, funika, uache dakika 25 kwa moto wa wastani. Mchele utapasuka na kuachia wanga wake. Saga kwa blenda ikishapoa kidogo, chuja kama hupendi maganda. Mafuta usiyaogope: rangi nyekundu ya nyanya huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huifaidi zaidi ikipikwa nayo.

Tafadhali usitupe mbegu na ule ute unaozizunguka. Ladha nzito ya nyanya, ile inayofanya mtu arudie kijiko, imejaa humo, na inatokana na glutamati. Jina hilo huwatisha watu wa siliaki kwa kuwa linafanana na gluteni, na kufanana huko kuna sababu: mkemia Mjerumani Karl Heinrich Ritthausen aliitoa asidi ya glutamiki kwenye gluteni ya ngano mwaka 1866, akaipa jina kwa hapo alipoipatia. Nyanya ina glutamati yake yenyewe, na haina gluteni hata chembe.

Wapo wanaopenda kiazi badala ya mchele. Ni kizuri, ila kipike kwanza kwa maji matupu mpaka kilainike, ndipo kikutane na nyanya. Kila aliyewahi kutia nyanya mapema kwenye maharage anajua yanavyokaa kigumu saa nzima. Uchachu huikaza pektini ya maharage isiyeyuke, na kiazi hupatwa na hali ileile. Unga wa muhogo au wa mahindi nao unafaa, kijiko kimoja kilichokorogwa na maji baridi, lakini utiwe mwishoni. Ukichemka muda mrefu ndani ya uchachu, wanga huo hukatika na supu inalegea tena. Muhogo ukizidi, supu huvutika kama mlenda.

Kuna sababu moja ya ngano ambayo ni ya haki. Maziwa yakikutana na uchachu wa nyanya hukatika, yanakuwa chengachenga, na unga wa ngano huyakinga yasifike huko. Ukiiondoa ngano, maziwa yanabaki bila mlinzi. Mimi nimeyaacha kabisa, natumia tui. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi, tui la kwanza, robo kikombe, linamiminwa moto ukiwa umezimwa. Halina ile protini ya maziwa inayokatwa na uchachu, na nyanya na nazi zimejuana siku nyingi kwenye michuzi ya pwani.

Kupika bila ngano hakutoshi kama ngano inaingia kwa mlango wa nyuma, na hapa ndipo ninapowasihi wanaompikia mgonjwa. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 zake katika kilo. Kiasi hicho ni kidogo mno, chenga za mkate mezani zinaweza kukipita. Mashine ya kusaga mtaani iliyotoka kusaga ngano au shayiri huacha unga wake ndani, na sembe inayofuata inaubeba. Unga wa lishe huchanganywa nafaka nyingi, uliza kila moja. Baadhi ya vidonge vya supu na viungo vya mchuzi vya pakiti vina ngano. Soma maandishi yote, yale madogo hasa, na kama hayasomeki uache dukani. Mwiko uliokorogea uji wa ngano uwe na mwenzake. Kwetu wa wifi tumeufunga uzi mwekundu kwenye mpini.

Kisha kuna swali la kitoweleo, kwa sababu sisi supu tumeizoea na chapati. Muhogo wa kuchemsha unafaa, viazi vitamu pia. Lakini kilicho bora ni mkate wa kumimina, wa mchele ulioloweshwa usiku kucha, ukasagwa na tui na kuumuliwa kwa hamira, bila ngano tangu enzi. Wifi anaupenda ukiwa wa jana, uliopashwa kikaangoni mpaka ukingo ukakauka kidogo. Anaukata vipande virefu, anauchovya, na mara hii hamuulizi mtu kitu.