Mshumaa, dadu na boksi la zawadi: dhana potofu kuhusu watoto na likizo

Shule zikifungwa, wazazi hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza wameshanunua vitabu vya mazoezi kabla hata ripoti haijafika nyumbani. Wa pili wanasema mtoto aachwe apumue, masomo yana wakati wake. Kila upande una chembe ya ukweli na rundo la dhana potofu. Hizi ndizo ninazozisikia kila msimu wa sikukuu unapokaribia.

"Asiposhika daftari likizo nzima, atasahau yote."

Hatasahau yote. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 kuhusu likizo ndefu za kiangazi na wakakuta kwamba, kwa wastani, alama hushuka kwa kiasi cha mwezi mmoja hivi wa masomo. Vilivyoshuka zaidi ni hesabu za kukokotoa na tahajia, yaani mambo yanayokaa kichwani kwa kurudiwarudiwa. Uchambuzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa hata ukubwa wa hasara hiyo hutegemea sana aina ya mtihani uliotumika. Na hapo tunazungumzia mapumziko ya miezi. Kwa wiki mbili tatu za sikukuu, hofu ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Dokezo lake tulichukue hata hivyo: kama kuna vitu vya kurudia likizoni, basi ni namba na maneno, na vyote viwili huingia kwenye mchezo bila mtoto kuhisi amerudishwa darasani.

"Mchezo wowote unafundisha, mradi wanacheza."

Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Mwaka 2008 watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha utafiti wa watoto wa chekechea waliocheza mchezo wa ubao wenye vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, kuanzia 1 hadi 10. Walicheza vipindi vinne tu, kila kimoja kama dakika 15, ndani ya wiki mbili, na uelewa wao wa namba ukapanda. Wenzao walicheza kwenye ubao wa namna hiyohiyo, ila vyumba vyake vilikuwa na rangi badala ya namba. Hao walibaki walipokuwa.

Utafiti mwingine uliofuata uligusa jambo dogo ambalo wengi wetu hulikosea nyumbani. Kete ya mtoto iko chumba cha 4, dadu imetoa 2. Tunamwacha ahesabu "moja, mbili" na kusonga. Anayefaidika zaidi ni yule anayesema "tano, sita", yaani anayetaja namba za vyumba anavyoingia. Mchezo haujabadilika hata kidogo, isipokuwa maneno yanayotamkwa.

Ukishaliona hilo kwenye dadu, utaliona kila mahali. Kupamba nyumba kimyakimya ni kupamba tu. Ukiuliza, "Nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe... ikifika pembeni itakuwa rangi gani?", mtoto tayari yuko kwenye mpangilio na ubashiri.

Ninaoupenda kuliko yote ni mchezo wa boksi la zawadi. Tafuta boksi tupu lenye umbo la mchemraba. Mtoto alikate kwenye kingo tu mpaka lilale bapa, nyuso zote sita zikiwa bado zimeshikana. Halafu muulize: kuna njia nyingine ya kulifungua? Zipo 11 kwa jumla, ukihesabu zinazofanana baada ya kugeuzwa au kupinduliwa kuwa moja. Usimtajie idadi hiyo mapema. Mwache achore kwenye karatasi, akate, akunje aone kama linafunga. Akipata ya tano au ya sita, nduguye atadai si mpya, ni ile ya kwanza iliyopinduliwa, na hapo watabishana. Usiwaamue. Ubishi huo ndio jiometri yenyewe, na hakuna kitabu cha mazoezi kitakachouleta mezani.

"Mshumaa unazimika, maji yanapanda kuziba nafasi ya oksijeni."

Kuchanganya sikukuu na sayansi hakukuanza leo. Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa vijana mwaka 1825, na mwanasayansi Michael Faraday aliitoa mara 19. Mfululizo wake unaokumbukwa zaidi ulihusu mshumaa wa kawaida. Ndiyo maana hunikera kuona mshumaa huohuo ukitumiwa kufundisha kosa.

Jaribio lenyewe unalijua. Mshumaa unasimamishwa kwenye sahani yenye maji, unafunikwa kwa glasi, mwali unafifia, unazimika, na maji yanapanda ndani ya glasi. Watu wazima wengi hueleza kwamba moto umekula oksijeni, ambayo ni karibu 21% ya hewa, na maji yakachukua nafasi yake. Maelezo matamu, ila hayasimami. Oksijeni haitoweki; inageuka kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Tena mshumaa huzimika kabla oksijeni yote haijaisha. Kazi kubwa inafanywa na joto. Hewa inayouzunguka mwali hupanuka, na nyingine hutoroka wakati glasi inashushwa. Mwali ukifa, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, ndipo mgandamizo wa hewa ya nje unapoyasukuma maji kuingia.

Haya usimwambie mtoto mwanzoni. Mwambie atazame maji yanapanda wakati gani. Ataona sehemu kubwa hupanda mwali ukiwa umekwisha kuzimika, wakati hakuna tena kinachotumia oksijeni. Kisha wekeni mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Oksijeni haijaongezeka, lakini maji yatapanda juu zaidi. Sasa ana ushahidi wa kumpinga mtu mzima, na sijui mtoto asiyefurahia hilo. (Kiberiti kibaki mkononi mwako muda wote.)

"Kumekuwa na baridi kwa sababu Jua limekwenda mbali."

Swali la majira huja lenyewe likizoni, watoto wanapokuwa nje mchana kutwa. Kumbe Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, wakati nusu ya kaskazini iko katikati ya baridi yake. Mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, kama kilomita milioni 152. Majira yanatokana na mhimili wa Dunia, ambao umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, kwa hiyo kila nusu hupata zamu yake ya kuelekezwa kwenye Jua.

Zoezi lake ni kijiti na kokoto. Chomeka kijiti wima, na kila baada ya siku mbili, saa sita mchana, pima urefu wa kivuli na uweke kokoto kwenye ncha yake. Ila kalenda ina neno lake. Ukianza siku za mwisho za Desemba, Jua ndiyo kwanza limegeukia ukingoni mwa safari yake ya mwaka, na kwa wiki mbili kimo chake cha adhuhuri hubadilika kwa chini ya nyuzi mbili. Mtoto atapima, ataona urefu ni karibu uleule, na atakwenda kucheza mpira. Wiki mbili kama hizo mwishoni mwa Machi au Septemba huleta tofauti ya nyuzi tano na ushee. Kwa likizo ya Desemba, afadhali mpime mara moja tu, muandike urefu huo nyuma ya mlango, mrudie likizo inayofuata.

"Siku ya sherehe hawafundishiki, sukari imewapanda."

Tafiti za majaribio zilizojumlishwa mwaka 1995 hazikukuta sukari ikibadili tabia za watoto. Katika utafiti wa mwaka uliotangulia, akina mama walioambiwa watoto wao wamepewa sukari waliwaona kuwa watundu zaidi, ilhali sukari haikuwamo. Kinachowapanda ni shangwe, wageni, na kuchelewa kulala.

"Muahidi zawadi, atasoma."

Atasoma, kwa siku hizo. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa tuzo wakichora, wengine walipewa tuzo bila kutarajia, na wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Kazi waliyoipenda ilikuwa imegeuka kuwa kibarua. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu.

Kwa hiyo ukiona mtoto amemaliza kitabu cha hadithi, au amepata njia zote 11 za boksi, na moyo wako unataka kumpa kitu, mpe. Usimtangazie tu kabla.