Je, wajua ramani ya tovuti huisaidiaje injini ya utafutaji kuziona kurasa zako?

Hakuna daftari kuu lenye orodha ya kurasa zote za intaneti. Mtu akichapisha ukurasa leo, Google na Bing kwa kawaida hawaletewi taarifa yoyote. Ni juu yao kuugundua. Njia yao kuu ya kugundua ni kufuata viungo. Programu ziitwazo roboti, kama Googlebot ya Google na Bingbot ya Microsoft, hufungua ukurasa zinaoujua tayari, hukusanya viungo vilivyomo, hufungua kurasa ambako viungo hivyo vinaelekea, na kuendelea hivyo hivyo bila kukoma.

Njia hii inafika mbali kuliko wengi wanavyodhani, lakini kuna mahali inakwama. Chukulia tovuti ya nyaraka yenye maelfu ya kumbukumbu, ambapo msomaji huandika jina au mwaka kwenye kisanduku cha kutafutia ndipo apate anachokitaka. Msomaji hapati shida. Roboti ikifika kwenye kisanduku hicho haijui iandike nini, basi inageuza. Kumbukumbu zipo, zinafunguka, kila moja ina anwani yake kamili, ila hakuna kiungo hata kimoja kinachoelekea kwenye ukurasa wake. Kwa injini ya utafutaji, ni kama hazijawahi kuandikwa. Yaleyale huipata tovuti changa ambayo bado hakuna tovuti nyingine iliyoweka kiungo cha kuielekea, na makala ya zamani ambayo huyafikii mpaka ubonyeze "ukurasa unaofuata" mara hamsini.

Ramani ya tovuti ilibuniwa kuziba pengo hilo. Ni faili la maandishi linalokaa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, pamoja na tovuti yenyewe, na mara nyingi huitwa sitemap.xml. Tovuti nyingine huwa na ukurasa wa wageni unaoitwa pia ramani ya tovuti, wenye orodha ya sehemu zake; huo si ninaouzungumzia hapa. Faili hili huandikwa ili lisomwe na mashine. Kila ukurasa una fungu lake humo: anwani yake kamili na, mwenye tovuti akipenda, tarehe ulipobadilishwa mara ya mwisho. Google ilianzisha mpango huu Juni 2005, na Novemba 2006 Yahoo na Microsoft wakakubali kutumia muundo uleule. Kwa maoni yangu makubaliano hayo yalikuwa na uzito kuliko ubunifu wenyewe, maana tangu hapo mwenye tovuti akawa anaandaa faili moja linalowatosha wote. Mwaka 2007 ikaongezwa njia nyepesi ya kulitangaza: mstari mmoja ndani ya robots.txt, faili linaloziambia roboti zisifungue sehemu zipi za tovuti; mstari huo una neno Sitemap, nukta mbili, kisha anwani ya ramani. Kwa kuwa roboti zenye nidhamu husoma robots.txt kabla ya kuanza kazi kwenye tovuti, ramani huonekana mapema.

Faili moja haliruhusiwi kuzidi anwani 50,000 wala megabaiti 50 kabla ya kubanwa. Tovuti kubwa hugawa ramani zake katika mafaili kadhaa, kisha huyaorodhesha kwenye faili moja la juu. Hata ambao hawajafika kikomo hicho wangefaidika kugawa, ramani moja ya makala, nyingine ya bidhaa, kwa sababu Search Console, zana ya Google ya kuwaonyesha wenye tovuti jinsi kurasa zao zinavyoonekana kwake, inaweza kukuonyesha hali ya kurasa za kila ramani peke yake. Tatizo likiwa kwenye bidhaa tu, utalibaini mara moja.

Sehemu ninayoiona kuwa na thamani kubwa, na ndiyo inayochezewa zaidi, ni ile ya tarehe, ambayo ndani ya faili huitwa lastmod. Fikiria tovuti yenye kurasa 40,000, na leo zimebadilika ishirini. Roboti haiwezi kuzifungua zote kila siku. Injini hujiwekea kiasi cha kutembelea ili isiilemee seva. Tarehe zikiwa za kweli, inaweza kuanza na zile ishirini. Lakini mifumo mingi hutengeneza ramani upya kila usiku na kubandika tarehe ya leo kwenye kila ukurasa, hata ambao haujaguswa kwa miaka mitano. Google imesema wazi kwamba huitumia tarehe hii pale tu inapothibitika kuwa sahihi kila mara. Kubadilisha mwaka wa hakimiliki chini ya ukurasa hakuhesabiwi kuwa badiliko la maana. Muundo wa ramani una pia nafasi ya kueleza ukurasa hubadilika mara ngapi na una umuhimu kiasi gani; hizo mbili Google haizitazami, kwa hiyo usipoteze muda kuzipanga.

Ni vyema pia kujua ramani inaishia wapi. Ili ukurasa utokee kwenye matokeo, kwanza ugunduliwe, kisha roboti iupakue na kuusoma, kisha injini iamue kuuingiza kwenye faharasa yake, yaani hazina ya kurasa inazotolea matokeo. Ramani hufanya kazi kubwa katika hatua ya kwanza, na tarehe zake husaidia kidogo katika ya pili. Katika hatua ya tatu ni dokezo tu. Ukurasa uleule ukiwa na anwani tatu tofauti, ile uliyoiweka kwenye ramani huhesabiwa kama ishara kwamba ndiyo unayoitaka, lakini ishara hiyo ni hafifu. Ndiyo maana ramani isibebe anwani zinazomwelekeza msomaji kwingine, kurasa zilizofutwa, wala zile ambazo wewe mwenyewe umeagiza zisiingizwe kwenye faharasa. Usiweke amri mbili zinazopingana.

Tovuti ndogo, ya kurasa kama 500 hivi, ambayo kila ukurasa unafikika kwa viungo kutoka ukurasa wa mwanzo, inaweza kuishi bila ramani kabisa. Hata hivyo huenda unayo tayari bila kujua: WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020.

Ukishawasilisha ramani yako kwenye Search Console, soma ripoti ya kurasa humo bila haraka. Ukurasa ulioandikwa kuwa umegunduliwa, au umesomwa, ila haujaingizwa kwenye faharasa, unakuambia kwamba ramani imeshamaliza kazi yake. Kuiwasilisha tena hakutabadilisha kitu. Kinachobaki ni kuuchunguza ukurasa wenyewe: je, una jambo ambalo halipo kwenye kurasa zako nyingine, na kuna kiungo chochote kutoka makala zako zinazosomwa sana kinachouelekea?