Mvinyo mweupe mwepesi haunogi kwa kuwekwa kabatini

Wengi hapa Kigoma wanaamini kwamba mvinyo wowote, kadiri unavyokaa, ndivyo unavyozidi kunoga. Ndiyo maana chupa ya zawadi ya harusi hukaa kabatini sebuleni miaka na miaka ikisubiri mgeni wa heshima. Imani hiyo ina msingi wake, kwani ipo mivinyo inayofaidika na umri, hasa baadhi ya myekundu yenye ukakasi mwingi.

Mweupe mwepesi ambao haukupitia mapipa ya mbao za mti wa mwaloni ni habari nyingine. Kwa kawaida huchachushwa kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu, kwa ubaridi, ili harufu ya tunda na ukali wa mbali wa limau vibaki. Na hivyo ndivyo vinavyotangulia kupotea. Mingi inafaa kunywewa ndani ya mwaka 1 hadi 3 tangu mavuno, na joto letu la kando ya Ziwa Tanganyika hufupisha muda huo.

Soma mwaka kwenye lebo: ni wa kuvunwa zabibu, si wa kuisha muda. Kisha mimina kidogo, inua glasi mbele ya karatasi nyeupe. Mvinyo ambao bado ni mzima una manjano iliyopauka, pengine na ukijani kwa mbali. Ukikuta dhahabu iliyokolea au kahawia, na harufu ya tofaa lililopondeka, umeshachoka.

Lebo ikiwa na nembo ya biashara ya haki (Fairtrade), ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, hiyo huzungumzia malipo na mazingira ya wafanyakazi wa shambani, si umri wa kilichomo. Chupa ikae gizani, mbali na jiko, ipozwe vizuri, kisha inywewe pamoja na samaki wetu, migebuka ya leo.