Serikali, kodi na klabu za soka Ulaya: tunayoyasikia na yaliyopo

Shabiki wa timu pinzani ana hukumu yake tayari: Real Madrid na Barcelona hubebwa na serikali ya Hispania. Shabiki wa timu hizo naye ana jibu lake: mahakama ilishatusafisha. Kila mmoja ameshika kipande cha kesi na kukiita kesi nzima.

Dhana: Kusaidiwa na serikali ni kupewa hela.

Kesi zilizovuma zaidi hazikuhusu fedha taslimu. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, msaada ni nafuu yoyote inayotokana na mali ya umma na kumnufaisha mmoja huku washindani wake wakiikosa. Inaweza kuwa kodi iliyopunguzwa, kiwanja kilichouzwa kwa bei ya kutupa, au hata sahihi tu kwenye karatasi. Mwaka 2009 taasisi ya fedha ya serikali ya jimbo la Valencia ilidhamini mkopo wa euro milioni 75, uliochukuliwa na wakfu wa klabu ya Valencia ili kununua hisa za klabu hiyo. Siku ile hazina haikutoa hata senti. Lakini benki ikiona serikali imesimama nyuma ya mkopaji hulegeza masharti, na ulegevu huo una bei yake. Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja kinachosimamia sheria hizo, iliupigia hesabu na mwaka 2016 ikaagiza Valencia irudishe euro milioni 20.4. Klabu ilikwenda mahakamani ikashinda mwaka 2020, kwa kuwa Tume ilikosea katika kupima bei ya soko ya dhamana kama hiyo. Rufaa ya Tume iligonga mwamba Novemba 2022.

Dhana: Vigogo wa Hispania walipewa kodi nafuu kwa sababu ni vigogo.

Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Sheria ya michezo ya mwaka 1990 iliamuru klabu za kulipwa zigeuzwe kuwa kampuni za hisa, maana nyingi zilikuwa zimezama kwenye madeni na hakuna aliyewajibika. Zile ambazo hesabu zao hazikuwa na hasara katika miaka iliyotangulia ziliruhusiwa kubaki mikononi mwa wanachama. Zilikuwa nne: Real Madrid, Barcelona, Athletic Bilbao na Osasuna. Osasuna ya Pamplona haijawahi kuwa kigogo wa chochote, ila vitabu vyake vilikuwa safi.

Upendeleo ulikuja kwa mlango wa nyuma. Klabu hizo zilihesabiwa kama vyama visivyo vya kibiashara, hivyo zikatozwa kodi ya asilimia 25 ya faida, wakati kampuni zilitozwa 30, na kabla ya hapo 35. Tofauti hiyo ilidumu hadi mwaka 2015. Tume ilipouita upendeleo huo msaada usio halali, Barcelona ilijitetea kwa hoja nzito: klabu ikimuuza mchezaji kwa faida na kuiwekeza faida hiyo tena, kampuni ziliruhusiwa punguzo la kodi la hadi asilimia 12, vyama vya wanachama asilimia 7 tu. Je, kilichotolewa kwa mkono wa kulia hakikuchukuliwa na wa kushoto? Mahakama ya ngazi ya chini ya Umoja iliikubali hoja hiyo Februari 2019. Machi 2021 Mahakama ya Haki, iliyo ya juu zaidi katika Umoja, ilitengua hukumu hiyo: kinachopimwa ni utaratibu wenyewe tangu ulipowekwa, kama unaweza kumpa mtu nafuu. Hesabu za mwaka mmoja mmoja husubiri wakati wa kudai fedha. Na fedha zenyewe? Tume ilikadiria kwamba hazizidi euro milioni 5 kwa kila klabu. Kelele zote zile kwa kiasi kisichotosha kumnunua beki wa akiba!

Shabiki wa Madrid anayesema "tulishinda" anazungumzia kesi nyingine, ya kiwanja cha Las Tablas. Jiji la Madrid liliahidi kuikabidhi klabu kiwanja hicho mwaka 1998, likashindwa, na mwaka 2011 likaifidia klabu kwa mali ya euro milioni 22.7. Tume ilisema fidia ilizidi kwa milioni 18.4. Mahakama ilifuta uamuzi huo Mei 2019.

Dhana: Halmashauri ikinunua mali ya klabu, imeiokoa kinyemela.

Si lazima. Mwaka 2011 jiji la Eindhoven, Uholanzi, lilinunua ardhi iliyo chini ya uwanja wa PSV kwa takriban euro milioni 48, kisha likaikodisha kwa klabu hiyo hiyo. Tume iliuliza swali moja: je, mwekezaji binafsi angekubali biashara hii? Bei ilikuwa imewekwa na mthamini huru, kodi ya pango ilikuwa ya maana, na mwaka 2016 PSV ikaachiwa.

Dhana: "Sheria ya Beckham" ilitungwa kwa ajili ya wachezaji.

Utaratibu huo wa kodi wa Hispania wa mwaka 2005, uliobandikwa jina la mchezaji David Beckham, ulimhusu mfanyakazi yeyote wa kigeni aliyehamia huko: alilipa takriban asilimia 24 pekee ya mapato. Wachezaji wengi hupatana mshahara wa mkononi, kodi ikabebwa na klabu, kwa hiyo mnufaika alikuwa mwajiri. Tangu 2015 wanamichezo wa kulipwa wameondolewa humo.

Dhana: Klabu ikifilisika Uingereza, serikali ndiyo huilinda.

Kinyume chake, serikali ilishtaki. Kanuni za ligi hutaka madeni ya kisoka, yaani wachezaji na klabu nyingine, yalipwe yote kabla klabu haijaruhusiwa kuendelea kucheza. Mamlaka ya kodi iliipeleka Football League, msimamizi wa ligi zilizo chini ya Ligi Kuu, mahakamani kupinga kanuni hiyo, ikashindwa mwaka 2012. Desemba 2020 sheria ilibadilika, na kodi iliyokatwa kwenye mishahara pamoja na VAT sasa hulipwa kabla ya wadai wa kawaida. Maana yake fundi na muuza vyakula wa klabu iliyoanguka wamesogezwa nyuma hatua moja zaidi.