Flashi ya GB 64 na zile GB zinazodaiwa kuibwa

Ukichomeka flashi ya GB 64 kwenye kompyuta ya Windows, husomeka 59.6 hivi au pungufu kidogo, na wengi humlaumu muuzaji kwamba kawapunja. Hajawapunja. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows hutumia 1,024 × 1,024 × 1,024, yaani baiti 1,073,741,824, halafu bado huandika GB. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Gawanya bilioni 64 kwa namba hiyo, utapata 59.6. Mac, tangu 2009, huhesabu kama kiwanda, kwa hiyo flashi hiyohiyo husomeka karibu 64.

Flashi bandia zipo kweli, ila zenyewe hudanganya kwa kuzidisha: huonyesha ukubwa ambao hazina, na mafaili huharibika nafasi halisi ikiisha.