Afya ya akili ya wazazi: dhana zinazowaacha wengine nje ya huduma

Kipindi cha uzazi, kwa maana inayotumika hapa, huanza mimba inapotungwa na kuendelea hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa karibu 10% ya wajawazito na 13% ya waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha inayomwondolea mtu hamu na nguvu. Katika nchi zinazoendelea ni 15.6% na 19.8%. Wasiotambuliwa mapema aghalabu ni walewale: viziwi, wasiosoma, wahamiaji, mabinti wadogo, waliofiwa na watoto.

"Kila mama anajaza fomu ileile, kwa hiyo hakuna anayebaguliwa."

Fomu moja si usawa iwapo wapo wasioweza kuisoma, au wasioweza kuijibu bila mtu wa nyumbani kuwasikia. Chukua Kipimo cha Edinburgh, fomu ya kutambua dalili za sonona baada ya kujifungua, kilichochapishwa mwaka 1987 na ambacho sasa kinatumika nchi nyingi. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu likiwa na alama 0 hadi 3. Mama asiyesoma au asiyeona asomewe wakiwa wawili tu chumbani, majibu yote manne, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Muuguzi mwenye foleni ndefu akifupisha swali kuwa "huna mawazo mabaya, sivyo?", tayari amemjibia.

Hesabu nayo huharibika. Katika maswali ya 1, 2 na 4, jibu la kwanza hupewa 0. Katika mengine saba jibu la kwanza hupewa 3. Ukijumlisha yote kwa mwelekeo mmoja, mgonjwa ataonekana mzima na mzima ataonekana mgonjwa. Swali la 10 ni la kujidhuru: jibu lolote lisilo "kamwe" lifuatiliwe siku hiyohiyo, hata kama jumla ni ndogo. Kumuuliza mtu jambo hilo waziwazi hakumtii wazo kichwani.

"Dodoso likishatafsiriwa, kazi imekwisha."

Swali la 6 kwa Kiingereza limejengwa juu ya nahau inayosema mambo "yamepanda juu ya" mtu, yaani yamemlemea. Tafsiri ya neno kwa neno haimwambii mama chochote, naye huchagua jibu la kupita tu. Tafsiri ya kuaminika hurudishwa katika lugha ya awali na mtu ambaye hajaiona, hujaribiwa na wazazi wenyewe, kisha alama zake hulinganishwa na tathmini kamili ya mtaalamu. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hurukwa mara nyingi, ilhali ndiyo inayoonyesha kikomo, yaani jumla ambayo mama akiifikia huhesabiwa huenda ana sonona, kiwe alama ngapi. Kikomo cha 13 kinachofaa katika lugha moja chaweza kuwaacha wengi katika lugha nyingine.

Tena, si kila mtu husema "nina huzuni". Wengi husema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, nina mawazo. Anayetoa dawa ya maumivu bila kuuliza swali la pili amemsikia mama nusu.

"Mume au binti yake atamfasiria."

Hapana. Huenda huyo mume ndiye anayempiga, na mtoto hapaswi kubebeshwa maneno ya mama yake kuhusu kufa. Mkalimani, akiwemo wa lugha ya alama, apangwe wakati miadi inapowekwa, na muda wa miadi uongezwe maradufu. Kabla ya kuanza, kubalianeni naye afasiri kila neno bila kulainisha. Wewe mtazame mama, zungumza naye.

"Ni uchovu wa uzazi, utapita."

Kulialia na kubadilika hisia kunakoanza siku chache baada ya kujifungua huisha ndani ya wiki mbili hivi. Kukizidi hapo, si uchovu tena. Dalili nzuri ya kuuliza: mtoto akilala, wewe hupata usingizi? Ila mama akikesha bila kuhisi uchovu, akichanganyikiwa au akisikia sauti, hiyo yaweza kuwa saikosisi, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, unaompata mmoja au wawili kati ya waliojifungua 1,000. Ni dharura: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali mara moja.

Baba naye hupata sonona, takriban mmoja kati ya kumi. Aulizwe.

"Bila daktari bingwa hakuna tiba."

Utafiti uliofanyika vijijini Pakistan na kuchapishwa mwaka 2008 uliwatumia wahudumu wa afya ya jamii, waliofundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona mara 16 kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Miezi 6 baada ya kujifungua, 23% ya waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, dhidi ya 53% ya wengine. Kilichowawezesha ni mafunzo na usimamizi wa mara kwa mara. Mhudumu asiye na msimamizi wa kumrudia huchoka na kuacha.

"Anayenyonyesha hawezi kutumia dawa."

Dawa za sonona kama setralini hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo, na kwa kawaida mama huendelea kunyonyesha. Valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa baadhi ya magonjwa ya akili, ndiyo ya kuogopwa kwa anayeweza kushika mimba, kwa sababu hudhuru ubongo na maumbile ya mtoto tumboni. Hata hivyo, asiiache ghafla bila daktari.

"Mimba ikiharibika, huduma imeisha."

Hapa ndipo ratiba yenyewe humtupa mtu. Uchunguzi mwingi hufungamanishwa na chanjo za mtoto. Asiye na mtoto hana siku ya kurudi. Mpe tarehe yake mwenyewe kabla hajatoka wodini, na tarehe hiyo isiwe siku ya kliniki ya watoto. Weka alama kwenye jalada lake, mahali ambapo mpokezi ataiona kwanza, asije akaulizwa dirishani, "Mtoto umemwacha wapi?"